Chongo, Mpiga Picha Aliyekataa Poda

Tuanze na jina lake, maana ndilo watu huuliza kwanza. Mwanamke huyu ana macho mawili, yote mazima, na anaona mbali kuliko wengi wetu. Ila kupiga picha za sinema ni kazi ya kufumba jicho moja na kulibandika jingine kwenye kamera tangu asubuhi mpaka taa zizimwe, na mtu akiifanya miaka mingi, hata mezani anakula amefumba moja. Mafundi wa taa wakamwita Chongo. Angekuwa mtu mwingine, pangechimbika. Yeye alicheka tu, akasema afadhali chongo anayeona kuliko macho mawili yanayopepesa, na tangu hapo ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi haitiki.

Kamera yake aliinunua kwenye mnada, siku idara moja ya habari ilipofunga milango na kuuza mpaka viti. Ni ya chuma, ya mkanda wa filamu, nzito kiasi kwamba bega lake la kulia sasa liko chini ya la kushoto, na fundi nguo akimpima humwomba radhi. Ikizunguka inalia kama cherehani, basi jina lake ni Cherehani. Ana lenzi tatu, nazo zina majina. Ile pana ni Mmbeya, kwa sababu ikiingia chumbani inataka kumwona kila mtu, hata aliyejibanza nyuma ya pazia. Ya kati ni Shahidi; inaona kama mtu aliyesimama pale pale, haiongezi chumvi wala haipunguzi. Ndefu ni Mchumba. Ikishamwona mmoja, wengine wote wanafifia, wawe nani. Mchumba ina mkwaruzo pembeni na wenzake kazini wamemshauri mara nyingi aitupe. Haitupi. Mama yake, anayeishi naye, husema ukipenda, chongo huita kengeza, na akishasema hivyo humtazama bintiye usoni, wakacheka wote wawili mpaka majirani wagonge ukuta.

Ugomvi wa nyumba ile ni friji. Rafu ya juu nzima imejaa makopo ya mikanda ya filamu, maana mkanda ukikaa kwenye joto unaharibika. Siku moja mama alitafuta pa kuweka maziwa, akakosa, akauliza kama wageni wakija awakaangie filamu. Chongo akaomba msamaha na hakuondoa hata kopo moja. Mikanda yenyewe si ya kuokoteza. Iko ya haraka na iko ya polepole. Wa haraka unaridhika na mwanga kidogo, ndiyo maana watu wenye pupa wanaupenda, lakini ukiutazama kwenye skrini kubwa, penye giza unaona chengachenga tupu, kama mchanga uliomwagika. Wa polepole una njaa ya mwanga. Ulishe mpaka ushibe, na utakupa kivuli chenye kina, utakupa nywele nyeusi juu ya koti jeusi mbele ya mlango mweusi na kila kimoja utakiona peke yake. Huo ndio uliokuwa umekalia nafasi ya maziwa.

Sasa hasira yake ilitoka wapi, maana Chongo ni mtu wa hasira, tusifichane. Ilitoka studioni kwa baba yake. Marehemu alikuwa na chumba kimoja cha kupigia picha za vitambulisho, pazia la bluu na stuli ya kuzunguka, na pembeni ya stuli kopo la poda. Mteja akiwa mweusi, baba alimpitishia sponji usoni kabla ya kupiga, bila hata kuuliza. Alimpitishia hata mkewe. Na mama huyo ni mweusi hasa, weusi ule wa kung'aa ambao mwanga ukimpata shavuni unateleza. Katika picha zote za mumewe ametoka wa aina mbili: ama giza lenye meno, ama jivu. Siku moja Chongo, bado msichana mdogo, akauliza kwa nini mama anapakwa na shangazi hapakwi. Baba akajibu kwamba mashine haina chuki na mtu, inaona inachoona, mama anahitaji kusaidiwa kidogo. Mtoto akasema basi mashine ndiyo isaidiwe. Alitolewa nje kwa sikio.

Mimi nasema alikuwa na haki. Alipokua na kujifunza kazi, alikuta mashine zote zimefundishwa ujinga ule ule. Chukua mita ya mwanga, kile kidude cha mkononi kinachokuambia ufungue lenzi kiasi gani. Ukikielekeza usoni kwa mtu, chenyewe kinadhani nyuso zote duniani ni za kijivu, na kinakushauri umfanye huyo naye awe wa kijivu. Waoga wanatii. Chongo anakisoma, anakishukuru, kisha anafanya lake.

Basi mwaka mmoja Chongo akaitwa kupiga filamu ya mtu ambaye wote walimwita Bosi, mwenye filamu na mwongozaji wa filamu kwa wakati mmoja. Bosi si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni mtu wa haraka, ana simu sikioni hata akiwa anaongea na wewe. Filamu yake ilimhusu hakimu kijana, mwanamke anayekataa kuhongwa, na kila kitu kilisimama juu ya uso wa huyo hakimu, kwa kuwa nusu ya filamu amekaa kitini anasikiliza watu wakidanganya. Katika usaili wa sauti alishinda msichana mmoja anayeuza katika duka la dawa, jina lake la utani Wino. Shuleni walimbandika jina hilo kwa kumdhihaki rangi. Yeye akaanza kujitambulisha nalo mwenyewe kabla hawajamwita, na dhihaka ikakosa pa kukaa. Aliposoma hukumu ya mwisho siku ile, kwa sauti ya chini isiyo na haraka, karani wa ofisi aliacha kupiga chapa.

Tatizo lilianza picha ilipoingia. Bosi alikuwa na kamera yake mpya, ya kujipimia kila kitu yenyewe, akamkalisha Wino mbele ya ukuta mweupe wa ofisi na kubonyeza. Kamera ikauona ukuta, ikaogopa weupe wake, ikajifunga. Wino akatoka kola na meno. Akaitwa mpambaji na poda yake, akawashiwa taa moja kwa moja usoni, na Wino akatoka kama mtu aliyetoka kupiga chokaa. Bosi akatikisa kichwa, akasema msichana ana sauti lakini kamera haimpendi. Chongo siku hiyo alikuwa kwenye kazi nyingine, hakujua lolote.

Alilijua alasiri moja, Wino alipobisha hodi nyumbani kwao akiwa bado na koti la duka la dawa. Alimwamkia mama, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa, akafungua mkoba, akatoa tyubu ya krimu ya kujichubua na kuiweka mezani. Alieleza kwamba mpambaji ndiye aliyeleta ujumbe. Bosi amesema aitumie mpaka siku ya kuanza kupiga, angalau weusi upungue kidogo, na nafasi ya hakimu ni yake. Asipotumia, yupo msichana mwingine, maji ya kunde, anayesubiri. Wino anauza dawa. Alijua vizuri kilichomo ndani ya tyubu ile na kinavyofanya ngozi ya mtu. Alikuwa amewahi kuwakataza wateja. Na bado alikuwa amekuja nayo mkobani, kwa sababu nafasi ile aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na alilisema hilo waziwazi.

"Dada, wewe ndiye unayejua kamera inataka nini," akasema. "Niambie nipake au nisipake."

Chongo hakumung'unya maneno. "Kamera haitaki kitu, mdogo wangu. Kamera ni kopo lenye tundu. Anayetaka ni mtu, na mtu huyo nitamwendea."

Wino akauliza itakuwaje akimwendea na bado ikashindikana. Chongo akakiri kwamba hajui. Aliomba jambo moja tu, Wino asifungue kifuniko mpaka atakaporudi. Mama yake akaondoa tyubu mezani kwa ncha za vidole, akaipeleka nje kwenye pipa la taka, akarudi kunawa mikono. Hakumwomba ruhusa mtu.

Kesho yake Chongo aliingia ofisini kwa Bosi na kusimama mpaka simu ilipotoka sikioni. Alimwambia anataka kujaribu upya. Atatumia Cherehani, lenzi yake, mkanda wa friji yake, na poda haitaingia chumbani hata kwa bahati mbaya. Bosi alicheka kwa upole, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: hakuna mpiga picha kama yeye, wafadhili wenyewe wamemtaja, lakini watazamaji ndivyo walivyo, wanataka uso wenye mwanga. Chongo akamwambia mwanga ni kazi yake yeye Chongo, si kazi ya uso wa mtu. Bosi akaacha kucheka. Akamkumbusha kwamba mkataa pema, pabaya panamwita.

"Panipigie kelele kabisa," Chongo akajibu. "Ukimpaka yule msichana dawa ile ili aenee kwenye mashine, mimi na mashine yangu hutatuona. Nikishindwa kumpiga akaonekana, tutaondoka wote wawili na sitakulaumu."

Kazi zilikuwa adimu na hii ilikuwa kubwa. Bosi alitazama dirishani, akakubali, kwa sharti kwamba yule msichana wa pili naye apigwe katika mkanda huo huo, chumba hicho hicho, ili alinganishe. Chongo akasema sawa, msichana wa pili hana kosa lolote.

Walipiga katika chumba cha mikutano. Chongo aliamuru taa zote zilizoelekezwa kwenye kiti zigeuzwe zitazame ukutani, na ukutani akatundika mashuka meupe makubwa aliyotoka nayo kwao, mama yake ameyapiga pasi kwa manung'uniko. Mafundi wa taa walidhani anatania. Lakini uso mweusi ukiupiga taa ya mbele unaupiga kofi tu. Unachotakiwa ni kuupa kitu kikubwa cheupe pembeni ili ngozi yenyewe ikirudishe, kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye mdomo wa chini. Ngozi ya Wino ilikuwa tayari kufanya kazi hiyo tangu azaliwe. Poda ndiyo iliyokuwa ikiifunga mdomo. Chongo akamtuma akaoshe uso kwa maji na sabuni, ajipake mafuta yake ya kila siku, basi. Mpambaji alisimama mlangoni na kisanduku chake, amenuna.

Kabla ya Wino kukaa, alikaa mama. Hii ni desturi ya Chongo ambayo wageni huistaajabia: mwanzo wa kila mkanda, mama yake hushika kadi ya kijivu chini ya kidevu na kupigwa kwa muda mfupi, hatabasamu wala kukunja uso. Anafanya hivyo kwa ajili ya maabara. Mkanda ukishasafishwa kwa dawa, fundi wa maabara hutoa kopi ya kuonyeshea, na katika kutoa kopi anaweza kuongeza mwanga au kupunguza, kutia wekundu au kuuondoa. Anahitaji kitu cha kulinganishia. Chongo anampa mama. Kisha akafunga Mchumba kwenye kamera, akafumba jicho, Cherehani ikaanza kushona, na Wino akasikiliza uongo wa watu wasiokuwepo.

Kopi ilipotoka, Chongo aliitazama kwenye meza ya maabara. Msichana wa pili ametoka vizuri. Wino ametoka jivu. Mama ametoka jivu. Kazi yote ya mashuka imekwenda na maji, na kesho ndiyo siku ya kumwonyesha Bosi.

Fundi wa maabara alikuwa mzee safi, mtaratibu, mwenye glavu nyeupe na kazi isiyo na doa. Alishangaa kulalamikiwa. Alieleza kwamba aliona mkanda umeingia na watu wameiva giza, akaurekebisha kama anavyowarekebisha wote. Akaonyesha kipimo chake, kipande cha mkanda kilichoning'inia juu ya mashine tangu aanze kazi: mwanamke mweupe, amevaa gauni la kijani, ameshika kadi ya rangi. Ngozi ya mwanamke huyo ikikaa sawa, kila kitu ndani ya kopi kinahesabika kiko sawa. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofundisha wengine. Chongo akauliza kama aliiona sura ya mama mwanzoni mwa mkanda. Fundi akasema aliiona, akadhani ni mtu aliyekatiza mbele ya kamera kwa bahati mbaya.

Chongo hakubisha. Alitoka, na baada ya muda akarudi na mama yake, amevaa gauni lake la kutokea na mkoba mkononi. Mama alimsalimu fundi, akaulizia hali ya nyumbani kwake, akajivutia kiti mpaka chini ya taa iliyo pembeni ya mashine, akakaa.

"Nimeambiwa huyu dada aliyening'inia hapa ndiye kipimo," akasema. "Mwache apumzike, fundi. Leo kipimo ni mimi."

Fundi alimtazama Chongo akitafuta msaada, hakuupata. Basi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatoa kopi ya kipande kifupi, akaiweka kwenye kioo, akamtazama mama, akaitazama picha. Mama akasema hapo amemtia maji. Fundi akapunguza mwanga, akatoa nyingine. Mama akasema sasa amemuunguza. Akatia wekundu kidogo. Mama akauliza kama ana homa. Walikwenda hivyo, na ajabu ni kwamba kadiri alivyokosolewa ndivyo yule mzee alivyonogewa. Akaacha kabisa kumtazama yule dada aliyening'inia, akawa anasogeza taa karibu na shavu la mama, anainama, anarudi kwenye mashine mbio mbio kama kijana. Mwisho aliweka kipande kwenye kioo na kumsogezea. Mama akakitazama. Akavua miwani yake yeye, akakitazama tena kwa karibu.

"Huyo namjua," akasema. Fundi akatoa kopi yote kwa kipimo hicho, na jina la mama akaliandika kwa mkono wake kwenye kopo.

Kesho yake walikaa katika chumba kidogo cha kuonyeshea, kule kwa Bosi, viti vichache na projekta. Wino alikuja akakaa kiti cha nyuma. Hakuwa amelala, alisema, na alikuwa amejiandaa kusikia hapana. Alimwomba Chongo asigombane tena kwa ajili yake. Chongo akamjibu kwamba ombi hilo amelisikia na hataliahidi. Taa zikazimwa. Bosi akaingia amechelewa, simu sikioni, akapapasa kiti cha mbele, akakaa huku anaongea. Msichana wa pili akapita kwenye skrini, mzuri, hana kasoro. Bosi akaitikia kwa kichwa kuridhika na kuendelea na simu.

Kisha akaja Wino. Uso ulijaa skrini nzima, mweusi kama alivyo, na mwanga umelala juu yake upande mmoja kuanzia paji hadi kidevu. Ulionekana mshipa wa shingo. Ilionekana hasira ikipanda machoni, ikazuiwa, ikashuka, bila yeye kutikisa hata unyusi. Mabegani ana koti jeusi la hakimu alilovishwa kwa jaribio, na nyuma ya koti kivuli, na kila kimoja kimekaa mahali pake. Chongo alikuwa haitazami skrini. Alikuwa anaitazama shingo ya Bosi.

Simu ikashuka taratibu kutoka sikioni. Huko ndani ya simu mtu alikuwa bado anaongea.

"Huyu ni nani?" Bosi akauliza. Wote walidhani anatania. Hakuwa anatania. "Nauliza, huyu mmemtoa wapi? Siku zote mnaniletea wengine, kumbe mnaye mtu kama huyu? Huyu ndiye hakimu wangu."

Chongo alifungua mdomo, na maneno aliyokuwa nayo hayakuwa mazuri. Lakini aliona mkono wa Wino umeinuka kumzuia. Wino alisimama, nyuma kabisa ya kiti cha Bosi, karibu kiasi cha kumgusa bega, na akasema kwa ile sauti ya chini isiyo na haraka.

"Ni mimi, Bosi. Nimeingia ofisini kwako, nimekusomea hukumu, umenishika mkono, ukaagiza nichubuliwe. Washa taa unitazame."

Bosi aliinuka, akapapasa ukuta akitafuta swichi, akaikosa, akaipata. Taa ikawaka. Akageuka, akamtazama, na alipotaka kushusha macho Wino alikuwa bado amesimama, anasubiri amalize kumtazama.